Njia ya Bandarini Inapopita Usangu

Watu wengi wakizungumza juu ya bandari huelekeza macho baharini. Husimulia meli, magati, winchi na makontena, na jinsi mizigo inavyorundikana. Mimi nimezaliwa Ubaruku, katika mbuga za Usangu, mahali ambapo bahari ni habari ya kusimuliwa, kwa hiyo tangu utoto nimeitazama bandari kutoka mgongoni mwake, yaani kutoka upande wa nchi kavu, huko mzigo unakotoka na unakokwenda. Ukiitazama kutoka huku utaona kwamba gunia la mpunga lililonasa katika tope la mwezi wa Machi kati ya Ubaruku na Igawa liko mbali na Dar es Salaam kuliko shehena iliyokwisha pakiwa melini Ulaya. Shehena hiyo angalau inajulikana itafika lini.

Kwa msomaji asiyezijua sehemu hizi nieleze kidogo. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro, hupanda milima ya Kitonga, huiacha Iringa mjini kando, hupita Mafinga na Makambako, kisha huteremka hadi Igawa, penye daraja la Mto Mbarali. Kutoka hapo huendelea kwa Chimala na Igurusi hadi Mbeya, na mwisho Tunduma, mpakani mwa Zambia. Reli ya TAZARA nayo, baada ya kutoka Makambako, hufuata mwelekeo huo huo kwenda Mbeya. Liko pia bomba la mafuta, ambalo wengi husahau kulihesabu kwa kuwa halionekani. Ubaruku yenyewe imejitenga na vyote hivyo, iko ndani mbugani, kwenye mashamba ya mpunga. Njia tatu za kwenda baharini zimetupita jirani, na zote tatu zilitengenezwa katika muda wa miaka kumi hivi, kati ya 1966 na 1976. Hakuna hata moja iliyojengwa kwa ajili ya mpunga wetu.

Wazo la reli ya kuja huku ni la zamani. Mwaka 1929 mhandisi Clement Gillman, aliyefanya kazi katika reli ya Tanganyika tangu enzi ya Wajerumani, alitoa taarifa ya upimaji wa njia ya kuifungua nchi ya kusini magharibi. Haikujengwa. Mwaka 1952 wataalamu wa Kiingereza walichunguza tena suala la kuiunganisha Tanganyika na Rhodesia ya Kaskazini kwa reli, wakaona kwamba haitalipa. Mwaka 1964 Benki ya Dunia nayo ikasema kwamba mzigo wa kutosha haupo, na kwamba barabara ingefaa zaidi. Siwalaumu sana wataalamu hao kwa hesabu zao, maana mfano mbaya ulikuwa haujasahaulika. Huko Mtwara serikali ya kikoloni ilijenga bandari ya kina kirefu na reli ya kwenda Nachingwea kwa ajili ya karanga za mpango ule maarufu ulioanza 1947. Karanga hazikuota kama ilivyotarajiwa, mpango ukaachwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iking'olewa bandari ikabaki na vilindi vyake. Lakini hesabu za namna hiyo huwa na upungufu mmoja. Huhesabu mzigo uliopo siku ya kuhesabu, na huku kwetu mkulima hawezi kulima gunia ambalo anajua halitatoka shambani.

Kilichobadili mambo kilikuwa siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru wao wa walowezi katika Rhodesia ya Kusini. Zambia, iliyokuwa na mwaka mmoja tu tangu ipate uhuru wake, ilikuwa ikisafirisha karibu shaba yake yote kwa reli iliyopita nchi ya Smith, na mafuta yake yakija kwa njia hiyo hiyo. Mara ikawa kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwa adui. Mlango mwingine uliokuwapo ulikuwa Dar es Salaam, na kati ya Dar es Salaam na migodi ya shaba ilikuwapo barabara ya udongo yenye urefu unaokaribia kilometa elfu mbili.

Barabara hiyo madereva waliiita njia ya jehanamu. Malori yalikwenda na mapipa ya mafuta na kurudi na shaba. Mwaka 1966 serikali mbili ziliunda kampuni ya usafirishaji pamoja na Wataliano, na malori ya Fiat yenye matela yakaanza kupita mfululizo. Kiangazi vumbi lilikuwa zito kiasi cha dereva kutomwona mwenzake aliye mbele. Masika yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa udongo wa sehemu zetu ukilowa hushika gurudumu kama gundi. Wazee wa Igawa walitusimulia kwamba lori likikwama liliweza kukaa siku tatu, nne, hata wiki, na madereva pamoja na mautingo wao walihitaji kula. Hapo ndipo kina mama wa Usangu walipoanza kupika wali na kuku kando ya barabara na kuuza kwa sahani. Biashara ya kwanza tuliyoipata katika njia ya bandarini, basi, ililetwa na tope. Barabara ilipotiwa lami, kazi iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kukamilika mwanzoni mwa 1970, kwa sehemu kubwa kwa fedha za Wamarekani, malori yakaacha kukwama, na baadhi ya wauza wali wakalazimika kuhamia kwenye vituo ambako madereva walisimama kwa hiari yao.

Bomba la mafuta sitalizungumzia sana. Lilijengwa na Wataliano na kukamilika mwaka 1968, kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Lilichimbiwa ardhini, na kwa mtu wa kijijini halikuwa na tofauti na mto upitao chini ya ardhi. Tangu 2023 linasafirisha dizeli iliyokwisha safishwa badala ya mafuta ghafi.

Reli ndiyo yenye hadithi. Mwalimu Nyerere na Kaunda walibisha hodi kwanza katika nchi za Magharibi, wakajibiwa kwa zile hesabu za kutolipa. Mwalimu alikwenda China Februari 1965, na Septemba 1967 serikali tatu zikatia sahihi mjini Beijing. Julai 1970 ukakamilishwa mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka thelathini. Kazi ikazinduliwa Oktoba mwaka huo. Njia nzima ni kilometa 1,860, na kati ya hizo 975 ziko Tanzania. Mwaka 1972, kazi ilipopamba moto, palikuwa na Watanzania na Wazambia wapatao 38,000 na Wachina zaidi ya 13,000 kazini. Sehemu iliyowatesa ni ile ya kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, kilometa 157 tu, lakini zenye mahandaki mengi, madaraja juu ya makorongo na ardhi inayomomonyoka mvua ikinyesha. Zaidi ya Wachina sitini walifia Tanzania na Zambia katika kazi hiyo, na walio wengi kati ya waliofia kwetu wamezikwa Gongo la Mboto, nje kidogo ya Dar es Salaam. Vijana wetu pia walikufa, ila makaburi yao hayako pamoja. Kila mmoja alirudishwa kwao, au alizikwa pale alipoangukia.

Kuna jambo moja katika mkopo ule ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha. Gharama za hapa nchini, kama vile mishahara ya vibarua na vyakula vyao, hazikulipwa kwa fedha zilizoletwa kutoka China. China ilituma bidhaa, bidhaa zikauzwa katika maduka ya Tanzania na Zambia, na fedha zilizopatikana ndizo zilizolipia kazi. Nakumbuka vizuri bidhaa hizo. Nyumbani kwetu palikuwa na beseni la bati lililochorwa maua mekundu, chupa ya chai yenye picha ya ndege, tochi, na viatu vya turubai ambavyo kaka yangu alivaa hadi vidole vikachungulia nje. Mtu wa Ubaruku aliyeuza mpunga wake akanunua beseni, alikuwa amenunua kipande cha taruma huko Mlimba bila kujua. Kwa hiyo ninaposikia reli ile ikiitwa zawadi, huwa naliona beseni la mama.

Wachina wakati huo huo walikuwa na kazi nyingine karibu zaidi nasi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 walijenga Shamba la Mpunga la Mbarali, hekta zipatazo 3,200 za majaruba yaliyonyooshwa kama karatasi ya hesabu, pamoja na mifereji ya kuyaleta maji ya mto na mashine za kukobolea. Kilimo cha kumwagilia hakikuwa kigeni Usangu, kwani Wabaluchi waliohamia huku wakati wa ukoloni walikwisha fungua mifereji, na wenyeji wakajifunza upesi. Lakini ukubwa huu ulikuwa mpya. Shamba lilikuwa na matrekta na malori yake, na mchele wake ulikuwa na njia ya kutoka. Mkulima wa pembeni, kama baba yangu, mwenye majaruba manne na jembe la ng'ombe, alibaki na mkokoteni.

Reli ilikabidhiwa rasmi Kapiri Mposhi tarehe 14 Julai 1976. Na hapa kuna mkasa wa kihistoria ambao sijawahi kuacha kuushangaa. Mwaka ule ule wa 1976 serikali yetu ilivifuta vyama vya ushirika, ambavyo pamoja na dosari zao ndivyo vilivyokuwa vikikusanya mazao vijijini. Mikono iliyokuwa ikipokea gunia kwa mkulima ikaondolewa mwaka ambao njia ya kulipeleka gunia hilo pwani ilifunguliwa. Ununuzi wa nafaka ukawa wa shirika la umma, kwa bei moja nchi nzima, na vijiji, vilivyokuwa ndiyo kwanza vimemaliza kuhamishwahamishwa, vikapewa kazi ya kukusanya. Msimu mmoja mwishoni mwa miaka hiyo mpunga wa kijiji chetu ulikaa katika ghala la makuti ukisubiri lori. Lori lilikuwa bovu, kisha halikuwa na tairi, kisha tairi zikapatikana mvua ikiwa imekwisha anza. Tulipofungua ghala, magunia ya chini yalikuwa yamechipua. Baba alichukua mche mmoja mrefu kama kidole, akautazama, akasema kwamba mpunga una akili kuliko sisi, umeona hauendi popote ukaamua kuanza upya hapo hapo. Watu walicheka, lakini mwaka uliofuata yeye na jirani zetu walipanda majaruba mawili badala ya manne.

Nayo reli ilikuwa na matatizo yake. Ilikusudiwa kubeba tani milioni mbili kwa mwaka. Hata katika miaka yake mizuri ilibeba kama tani milioni 1.2. Injini za awali zilikuwa dhaifu kwa milima ile, mabehewa yalikaa mno bandarini na migodini, na bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa. Mwaka 1978 Kaunda, mbolea ya wakulima wake ikiwa imekwama, aliifungua tena njia ya kusini kupitia Rhodesia, uamuzi uliotuudhi sana Watanzania, ingawa mkulima wa Usangu aliyewahi kungoja mbolea angemwelewa. Mwaka 1979 yakaja mafuriko yaliyoharibu njia, na mwaka huo huo makomandoo wa Rhodesia wakalipua daraja la Chambeshi nchini Zambia. Tena reli hii na ile ya kati hazikulingana upana. TAZARA ni milimeta 1,067, ili ioane na reli za kusini mwa Afrika. Ya kati, iliyojengwa na Wajerumani, ni 1,000. Behewa la moja haliwezi kupita juu ya nyingine, na ilichukua hadi 1998 kufunguliwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Tangu 2024, treni za umeme zilipoanza kwenda Dodoma kwa reli ya milimeta 1,435, Dar es Salaam imekuwa jiji lenye reli za pana tatu.

Nilisoma kwa miaka kadhaa nikiishi kwa shangazi yangu Chimala, na huko ndiko nilikoijua TAZARA kwa karibu. Treni ya mizigo ilipita na shaba na watu hawakugeuka kuitazama. Treni waliyoingoja ilikuwa ile ya abiria ya kawaida, iliyosimama hata katika vituo visivyo na jengo la maana. Shangazi alipanda na mchele debe mbili au tatu, akashuka huko chini Mlimba au Ifakara, akarudi na ndizi, samaki wakavu wa Kilombero na mafuta ya mawese. Huko Kilombero ilikuwapo pia treni fupi iliyokwenda kipande tu cha njia, na wenyeji waliiita kipisi. Wachuuzi wa namna ya shangazi yangu ndio walioifanya reli ya shaba kuwa reli yao. Hawakuwamo katika hesabu za 1952 wala za 1964, na sidhani walikuwamo katika hesabu za 1967. Mwanahistoria Jamie Monson, aliyeandika kitabu kizima juu ya reli hii kilichotoka mwaka 2009, aliwafuata wachuuzi na wakulima hao kituo kwa kituo, na nilipoyasoma hayo nilifurahi kwamba hatimaye mtu amewahesabu.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ya nafaka ililegezwa, na hapo barabara ikaipiku reli. Wenye malori walikuja wenyewe hadi Ubaruku na fedha taslimu. Mchele wa Mbeya ukajaa Manzese na Tandale. Madalali wakaleta lumbesa, lile gunia linaloshonewa kofia juu hadi likawa gunia na nusu kwa bei ya gunia moja, na sisi tukauza hivyo hivyo kwa kuwa mnunuzi aliyefika mlangoni, hata akiwa mwizi wa kipimo, alikuwa bora kuliko ghala la makuti. Watu walijenga nyumba za bati na kusomesha watoto. Upande mwingine, ubaguzi wa rangi ulipokwisha Afrika Kusini mwaka 1994, Zambia ikapata tena milango mingi ya baharini, na TAZARA ikapoteza hata ile sababu ya kisiasa iliyoizaa. Katika mwaka wa fedha 2014/15 ilibeba chini ya tani laki moja.

Shaba na mafuta yaliyoiacha reli yaliingia barabarani. Yeyote aliyesafiri kwa basi kati ya Iringa na Tunduma anazijua foleni za matela, na anaijua miteremko ya Kitonga, Inyala na Iwambi kwa majina, kama watu wa pwani wanavyoyajua majina ya miamba inayopasua majahazi. Breki zikifeli pale huwa hakuna pa kukimbilia. Nimezika wanafunzi wangu wawili waliofia katika barabara hiyo, mmoja akiwa dereva na mwingine abiria. Kwa sababu hiyo siwezi kulizungumzia suala la reli na barabara kama watu wanavyobishania timu za mpira. Kila tani inayorudi relini ni tani moja isiyoteremka Inyala ikiwa nyuma ya basi la abiria.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais Xi Jinping, Samia Suluhu Hassan na Hakainde Hichilema walishuhudia utiaji sahihi wa makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Mwaka uliofuata, Septemba 2025, ukasainiwa mkataba wa kuikabidhi kwa miaka thelathini kwa kampuni ya Kichina ya CCECC, yenye asili yake katika ofisi ile ile iliyoijenga, kwa uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Safari hii tena kinachotajwa kwanza ni shaba, pamoja na madini mengine ambayo dunia inayataka kwa ajili ya betri. Magharibi nako, Wamarekani na Wazungu wanasaidia reli ya kuyatoa madini hayo hayo kwenda bandari ya Lobito, Angola. Wakubwa wameanza tena kushindana juu ya mlango wa Zambia, na kwa kadiri ninavyoona hilo halina ubaya kwetu, mradi tujue la kuomba.

Mimi ningeomba vitu vidogo. Ningeomba njia ya pembeni ya kupakilia mizigo Chimala na Igurusi, penye ghala la zege na mzani wa haki, ambapo mkulima mwenye gunia kumi anaweza kuliweka jina lake katika behewa pamoja na wenzake. Ningeomba ratiba ya treni ya kawaida itajwe ndani ya mkataba na isiachwe kwa huruma ya meneja. Ningeomba pia changarawe na makalavati katika njia za mashambani, kwa sababu hesabu ya mwisho ya mkulima wa Ubaruku hufanyika kati ya jaruba na barabara kuu, kabla hata TAZARA au lori halijaingia katika habari yenyewe.

Msimu uliopita kijana wa jirani alikuja kunisaidia kusogeza magunia manne. Aliyafunga mawili mawili juu ya pikipiki, akafanya safari mbili hadi kwa mnunuzi aliyekuwa na Fuso kando ya barabara. Alipomaliza nikamuuliza mnunuzi anaupeleka wapi mchele huo. Akanijibu kwamba mwingine ni wa Dar es Salaam na mwingine unavuka Tunduma, inategemea simu atakayopigiwa usiku.